Paddy: Jina Linapopata Wingi

Wasomi wenzangu, tuanze na jina Patrick. Hapa chuoni tunao akina Patrick wa kutosha. Mmoja tunamwita Pato, mwingine Pati, na sijasikia hata mmoja akilalamika. Huko Ayalandi Patrick huitwa Paddy. Mama yake humwita hivyo, rafiki zake humwita hivyo, na akifa jina hilohilo linaweza kuandikwa kwenye tangazo la msiba. Mpaka hapo hakuna shida.

Sasa Mwayalandi mwingine, ambaye hata jina lake si Patrick, anavuka bahari na kupata kazi Uingereza. Msimamizi hajajishughulisha kuuliza anaitwa nani. Anamwita tu: "Wewe, Paddy!" Herufi ni zilezile tano, matamshi ni yaleyale, ila safari hii neno linauma. Linaweza hata kufika mbele ya sheria, na tutaona kwamba liliwahi kufika.

Muhula huu swali hili lilijadiliwa kwenye semina yetu ya isimujamii: je, Paddy ni tusi? Darasa likagawanyika. Wa kwanza wakasema ndiyo, ni tusi la ubaguzi. Wa pili wakasema hapana, ni ufupisho wa jina kama Pato wetu. Wa tatu, ambao ndio walikuwa wengi, wakasema: "Inategemea." Hili la tatu ndilo jibu tunalolikimbilia kwenye mtihani, na ndilo ambalo mhadhiri huandika pembeni yake kwa kalamu nyekundu: "Inategemea nini?" Nami nataka kulijibu swali hilo la kalamu nyekundu, maana naona lina faida hata kwa mtu asiyesoma isimu.

Jina lilikotoka

Kwanza asili yake. Patrick ni jina la mtakatifu msimamizi wa Ayalandi, anayeadhimishwa kila tarehe 17 Machi. Cha kushangaza, yeye mwenyewe hakuwa Mwayalandi. Alizaliwa Britania wakati wa utawala wa Warumi, na alipokuwa kijana wa miaka kama 16 alitekwa na wavamizi kutoka Ayalandi na kufanywa mtumwa wa kuchunga mifugo. Baada ya miaka 6 alitoroka, kisha akarudi kwa hiari yake kama mmisionari. Hiyo ni karne ya 5.

Kwa karne nyingi Waayalandi walikuwa hawampi mtoto jina hilo hivihivi, kwa kuwa waliliona takatifu mno. Walichofanya ni kumwita mtoto "mtumishi wa Patrick", kwa Kiayalandi Giolla Phádraig. Wasomaji wenye jina la Abdallah wataelewa mara moja: hilo nalo maana yake ni mtumishi wa Mungu. Ukoo wa Fitzpatrick unaojulikana leo ulitokana na jina hilo la utumishi. Patrick kama jina la kawaida la mtoto lilikuja kuenea baadaye, kuanzia karne ya 17.

Kwa Kiayalandi jina lenyewe ni Pádraig, na hapo ndipo d ya Paddy ilipotoka. Wamarekani wengi, kwa kuwa wanalijua jina kwa tahajia ya Kiingereza yenye t, huiita sikukuu ya tarehe 17 Machi "Patty's Day". Waayalandi hawapendi kabisa. Kwao Patty ni kifupi cha Patricia, yaani jina la mwanamke. Kila Machi ubishi huu hufufuka, na unatufundisha jambo la kwanza: watu haohao mnaodhani wanatukanwa kwa neno Paddy ndio wanaolipigania liandikwe sawasawa. Kundi la kwanza la semina yetu, mpo hapo?

Kutoka mtu mmoja hadi watu wote

Kwa kuwa jina lilienea sana, wageni walianza kulitumia kama jina la kila mwanamume wa Kiayalandi. Kufikia karne ya 18 Waingereza walikuwa wakisema "Paddy" wakimaanisha Mwayalandi yeyote. Mick, kifupi cha Michael, alipatwa na hayohayo. Wanawake nao hawakusalimika: Biddy, kifupi cha Bridget, likawa jina la mtumishi yeyote wa kike wa Kiayalandi katika nyumba za matajiri wa Marekani. Kule Ayalandi ya Kaskazini jina la kiume la Kiayalandi, Tadhg, lilitoholewa na Waingereza likawa Taig, na hadi leo ni tusi kali kwa Wakatoliki.

Hebu tazameni kilichotokea hapo kwa jicho la sarufi. Tumefundishwa mwaka wa kwanza kwamba nomino ya pekee humtaja mmoja aliye mahususi, wala haina wingi. Juma ni Juma. Nikitaka kumtaja pamoja na wenzake nasema "akina Juma", na bado Juma yumo ndani, na wenzake wanajulikana kwa kuwa naye. Ila nikisema "maJuma", nimefanya kazi nyingine. Nimelichukua jina la mtu nikalifanya aina ya kitu, kama maboksi au magunia. Hakuna Juma tena humo.

Kiingereza kilimfanyia Paddy kitu kilekile. Kilimwekea alama ya wingi, na kikamtaja kama "Paddy mmoja" miongoni mwa wengi, jambo ambalo kwa kawaida hakilifanyi kwa jina la mtu. Jina likapata wingi, mtu akapotea. Naomba mlishike hilo, kwa sababu ndiyo hoja yangu yote. Yaliyobaki ni ushahidi.

Uingereza: jina la mwenye koleo

Waayalandi wamekwenda kufanya kazi Uingereza kwa mamia ya miaka. Walichimba mifereji, walijenga reli, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakajenga barabara na majengo. Kazi zilikuwa ngumu, za mikono, na mara nyingi za malipo ya siku. Mwajiri mwenye vibarua wengi hakuwa na haja ya majina yao. Paddy lilitosha kwa wote.

Neno likaanza kubeba picha. Gazeti la vikatuni la Punch, lililoanzishwa London mwaka 1841, lilimchora Mwayalandi mwenye taya kubwa na uso wa nyani. Mmoja wa wachoraji wake wakuu alikuwa John Tenniel, yuleyule aliyechora picha za kitabu cha Alice. Waingereza walijifunza kumwona Paddy kuwa mlevi, mgomvi, mvivu na asiye na akili. Hata leo katika Kiingereza cha Uingereza, mtoto akizira na kujitupa chini kwa hasira husemwa kwamba ametupa "paddy". Wengi wanaosema hivyo hawafikirii taifa la mtu yeyote, lakini picha ya Mwayalandi mwenye hasira za haraka imebaki ndani ya neno kama kutu ndani ya bomba.

Halafu likaja suala la nyumba. Miaka ya 1950 na 1960, wahamiaji wa Kiayalandi na wale kutoka visiwa vya Karibiani walikuta milango ileile imefungwa. Wengi wao wanasimulia mabango ya vyumba vya kupanga yaliyowakataa weusi na Waayalandi kwa sentensi moja. Sheria ya Uingereza ilipiga marufuku ubaguzi wa aina hiyo katika nyumba na ajira mwaka 1968.

Miaka ya 1970 mambo yakawa mabaya zaidi. Vurugu za Ayalandi ya Kaskazini zilivuka bahari. Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili za mji wa Birmingham, watu 21 wakafa. Wanaume 6 wa asili ya Kiayalandi walifungwa maisha kwa kosa hilo. Hawakuwa na hatia, na waliachiwa mwaka 1991, baada ya miaka 16 gerezani. Katika mazingira hayo lafudhi tu ilitosha mtu kutazamwa vibaya kwenye basi. Na kipindi hichohicho utani wa "Paddy mjinga" ulikuwa unachekwa kwenye televisheni na viwandani.

Mwaka 1994 mwendesha mitambo mmoja kutoka Ayalandi ya Kaskazini, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda huko Uingereza, alishinda kesi yake mbele ya baraza la masuala ya ajira. Lalamiko lake lilihusu utani wa kila siku juu ya Waayalandi, pamoja na kuitwa Paddy mjinga. Alipewa fidia ya karibu pauni 6,000 chini ya sheria ya mahusiano ya kimbari ya mwaka 1976. Wapo magazetini waliocheka: eti utani nao ni kesi? Mwaka 1997 tume ya serikali ya usawa wa kimbari ilichapisha utafiti juu ya ubaguzi dhidi ya Waayalandi nchini humo, na majina haya ya Paddy na Mick yalikuwa miongoni mwa mambo waliohojiwa waliyoyataja.

Kundi la pili, mliosema ni kama Pato tu: Pato hajawahi kuhitaji sheria ya mwaka 1976.

Marekani: jina lilipanda cheo

Tuvuke Atlantiki. Kati ya mwaka 1845 na 1852 Ayalandi ilipigwa na njaa kuu baada ya ugonjwa kuharibu viazi, chakula kikuu cha maskini. Watu wapatao milioni 1 walikufa na zaidi ya milioni 1 waliondoka. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8. Ya 1851 ilihesabu kama milioni 6 na nusu. Wengi walioondoka walishuka New York na Boston, maskini na Wakatoliki, katika nchi iliyotawaliwa na Waprotestanti.

Huko nako walichorwa kama nyani. Mchoraji Thomas Nast wa jarida la Harper's Weekly alifanya kazi hiyo kwa bidii, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Na matangazo ya kazi yalisema Waayalandi wasiombe. Juu ya matangazo haya kuna kisa kinachotuhusu sisi wanafunzi. Mwaka 2002 profesa mmoja wa historia aliandika kwamba mabango hayo ni hadithi tu iliyotiwa chumvi, na kwamba ushahidi wake ni haba. Mwaka 2015 jarida la kitaaluma lilichapisha jibu lenye matangazo mengi yaliyokutwa kwenye magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa kwa kompyuta. Aliyeyatafuta ni msichana wa miaka 14, mwanafunzi wa shule. Mwenye shahada na asiye nayo wote wanaanzia palepale: nenda katazame.

Baadaye hali ikabadilika. Waayalandi waliingia kwa wingi katika polisi, zimamoto, vyama vya wafanyakazi na siasa za miji. Gari la polisi la kubebea watuhumiwa likaitwa "paddy wagon", na hadi leo kuna maelezo mawili: ama waliokuwa wakibebwa nyuma walikuwa Waayalandi, ama polisi waliokaa mbele walikuwa Waayalandi. Msikilizaji anachagua maelezo kulingana na picha aliyo nayo kichwani. Ukimwona Paddy kama mhalifu, yuko nyuma. Ukimwona kama askari, yuko mbele.

Mwaka 1960 John F. Kennedy alichaguliwa kuwa rais, Mkatoliki wa kwanza kushika kiti hicho. Babu wa baba yake, aliyehama kutoka Wexford wakati wa njaa, aliitwa Patrick. Leo Wamarekani zaidi ya milioni 30 husema wana asili ya Ayalandi, na wengi wanasema kwa majivuno. Tangu 1962 mto wa Chicago hutiwa rangi ya kijani kila sikukuu ya Patrick. Katika nchi hiyo Paddy kwa watu wengi si tusi tena, ni mapambo. Neno halikubadilika, waliobadilika ni wenye jina, kwa maana walipata nguvu. Mtu mwenye nguvu huweza kucheka anapotaniwa. Asiye nayo hulazimika kucheka.

Nyumbani: Paddy wa rais na Paddy wa plastiki

Je, Waayalandi wenyewe wakiwa kwao? Hapa ndipo penye utamu. Patrick Hillery alikuwa rais wa nchi kuanzia 1976 hadi 1990, na watu walimwita Paddy Hillery. Mpiga filimbi Paddy Moloney aliongoza kundi la muziki la The Chieftains, lililoanzishwa 1962, akazunguka dunia na jina hilo. Kuna pombe kali ya Cork inayoitwa Paddy, iliyopewa jina la muuzaji wake mashuhuri, Paddy Flaherty, ambaye wateja walikuwa wakiagiza "ile ya Paddy". Kuna kampuni ya mabasi ya watalii ambayo imejiita Paddywagon bila kuona haya. Hawa wote ni Paddy wenye uso na ukoo, au ni Waayalandi wanaojitania wenyewe.

Na wanajua kulitumia jina kuwapima wengine. Mtu aliyezaliwa London au Boston, ambaye kila Machi huvaa kofia ya kijani na kusimulia mateso ya mababu, wao humwita "Paddy wa plastiki". Hapo maana imepinduka kabisa. Kosa la mtu huyu si kuwa Paddy, bali ni kutokuwa Paddy wa kweli. Jina lililokuwa la kudharauliwa limekuwa mali ambayo wenye nyumba wanaizuia isichukuliwe na yeyote. Walioitwa hivyo nao wana kilio chao. Mzazi wake alidhalilishwa Uingereza kwa kuitwa Paddy, halafu mtoto anakwenda kwao na kuambiwa hastahili hata tusi lile. Huku kafukuzwa, kule hakupokewa.

Kuna kundi jingine tusilisahau. Ayalandi ya Kaskazini wapo wengi, hasa Waprotestanti, wanaojihesabu Waingereza. Huyo akifika London naye huitwa Paddy kwa lafudhi yake. Kinachomkera si aibu ya kuwa Mwayalandi. Ni kupangiwa utambulisho na mtu asiyemjua. Mwanasiasa maarufu aliyekiongoza chama cha Liberal Democrats kuanzia 1988 hadi 1999, Paddy Ashdown, hakuitwa Patrick hata siku moja. Jina lake lilikuwa Jeremy. Alizaliwa India, akakulia Ayalandi ya Kaskazini, na alipopelekwa shule Uingereza wenzake wakamwita Paddy kwa sababu ya lafudhi. Yeye alilichukua, akalivaa maisha yake yote, likaandikwa kwenye karatasi za kura. Alilipewa kama jina la kundi, akaligeuza kuwa la mtu mmoja. Wachache hupata nafasi ya kufanya hivyo.

Inategemea nini, basi?

Sasa naweza kuijibu kalamu nyekundu. Kwa ushahidi huo napendekeza vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni cha wingi. Je, jina linamtaja huyu mtu, au linamtaja kama mmoja wa wale? Paddy Hillery hana wingi. Paddy wa kwenye mtaro anao. Ukimwondoa ukamweka mwingine, jina linabaki palepale. Mfano huu hauko kwa Waayalandi peke yao. Katika treni za Marekani wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala waliitwa George wote, kwa jina la mwenye kampuni, George Pullman. Na huku kwetu wazee waliofanya kazi katika nyumba za wakoloni waliitwa "boi", hata mtu mwenye wajukuu. Walikuwa na majina. Hakuna aliyeuliza.

Kipimo cha pili ni cha kurudisha. Je, anayeitwa anaweza kujibu kwa kiwango kilekile bila kupoteza kitu? Hapa tunao utaalamu wetu wenyewe, kwa sababu sisi ni watu wa utani. Watani wa kikabila huambiana maneno ambayo mgeni akiyasikia atadhani vita imeanza. Lakini utani wa kweli una sheria: ni wa pande mbili, unajulikana nani ni mtani wa nani, na mtani huyohuyo anayekucheka ndiye anayekuja kuhangaika kwenye msiba wako. Msimamizi anayemwita kibarua Paddy hana msiba wa kuja kuhudumia. Kibarua akimrudishia, kesho hana kazi. Kwa hiyo mtu akisema "ni utani tu," tumuulize: utani wa wapi huo usiorudishwa?

Kipimo cha tatu ni cha kumbukumbu. Jina hubeba lililotendwa nalo. Ndiyo maana kijana wa Dublin aliyezaliwa mwaka 2003 anaweza kucheka akiitwa Paddy, ilhali mzee aliyefanya kazi Birmingham mwaka 1974 akasimama na kuondoka. Wote wawili wamelielewa neno. Kila mmoja amelielewa kwa maisha yake.

Mtaona kwamba nia ya msemaji sikuiweka miongoni mwa vipimo. Si kwamba haina maana. Inaweza kupunguza lawama, ila haiwezi kuamua maana. Anayesema alikuwa anatania anatueleza habari za moyo wake, wakati swali letu linahusu neno na yule lililompata.

Kutoka Iten hadi hapa

Huenda mtu akauliza: Mwayalandi na Mswahili wapi na wapi? Jibu la kwanza ni kwamba jina lenyewe limekuja kwetu kwa miguu ya Waayalandi. Shirika la wamisionari la Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa Ayalandi tarehe 17 Machi 1932, limefanya kazi miaka mingi Kenya, hata Turkana. Shule ya St. Patrick's ya Iten, iliyotoa wakimbiaji wa kutikisa dunia, ina jina hilohilo, na kocha wake maarufu, Bruda Colm O'Connell, ni Mwayalandi aliyefika huko mwaka 1976. Baadhi ya akina Patrick wetu wamelipata jina kwa njia hiyo. Likaja safi, bila wingi, bila picha ya nyani. Ndiyo maana Pato wetu halalamiki. Kundi la pili walikuwa sahihi kuhusu Pato. Walikosea kudhani historia ya Pato ndiyo historia ya Paddy.

Jibu la pili ni kwamba nasi tunaishi kwenye mabweni yenye watu wa kila mkoa. Tunaitana kwa makabila, kwa visiwa, kwa lafudhi, kwa mikoa tuliyotoka. Mengi ya hayo ni utani halali kabisa, na sitaki mtu aje kuufuta. Chuo kisicho na utani ni kama hospitali. Lakini wapo wenzetu ambao tumekaa nao mihula minne na hatujui majina yao. Tunajua tu "yule wa kule". Wakati wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi majina haya hutoka bwenini na kuingia kwenye kampeni, na ghafla yana wingi: "hawa watu wa kule ndivyo walivyo." Aliyekuwa akicheka nawe chumbani sasa ni aina ya kitu. Waayalandi walihitaji zaidi ya miaka 200 kulibeba jina lao kutoka kwenye mtaro hadi ikulu. Sisi tunaweza kufupisha safari kwa kuuliza tu: samahani ndugu, unaitwa nani?

Maswali ya kujadili

1. Orodhesha majina matano ya utani yanayotumika bwenini kwako. Yapitishe kwenye vipimo vitatu. Ni yapi yanafaulu vyote?

2. Paddy Ashdown alilikubali jina alilopewa na wenzake. Je, kukubali kwake kunalifanya jina kuwa halali kwa wengine wenye lafudhi kama yake? Toa sababu.

3. Kiswahili kina njia zaidi ya moja ya kutaja kundi kupitia jina la mtu mmoja. Linganisha "akina", "watu wa" na kiambishi "ma-" kwa kuangalia heshima inayobebwa na kila kimoja.

4. Fikiria kipimo cha nne ambacho sijakitaja, na utafute mfano utakaokiangusha kimojawapo cha vipimo vyangu. Ukiupata, uandikie toleo lijalo.